Uzito wa Fundi Vuai

Paukwa!

Pakawa!

Chungu?

Cha mama.

Mwiko?

Wa mpishi.

Tumbo?

La mwenyewe.

Haya, mmeitika vizuri. Sogeeni mkeka uwatoshe nyote. Na wewe uliyekaa nyuma, meza kwanza hizo karanga. Hadithi hii haisikilizwi mtu akitafuna.

Katika mji wa Mvumoni, enzi ambazo mazimwi yalipita njia moja na watu na hakuna aliyeshangaa sana, alikuwapo bwana mmoja jina lake Vuai. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda. Seremala akishachonga miguu na mifumbati, zile mbao za ubavuni, huitwa Vuai. Hukaa chini na kamba zake za usumba wa nazi, akapitisha, akavuta, akakaza, hata ukikipiga kofi kitanda chake kinalia kama ngoma. Alikuwa fundi hodari, hilo simnyimi.

Lakini alipenda kula kupita kiasi. Na kazi yake ilimsaidia, kwa sababu desturi ya Mvumoni ilikuwa hivi: fundi akija kwako kufanya kazi, unamlisha mpaka aisukume sahani mwenyewe. Akiondoka na njaa, mji mzima utakusema. Vuai hakuwa mtu wa kusukuma sahani.

Basi, wakati ukafika miguu yake ikaanza kufa ganzi. Akapata kiu isiyokatika. Haja ndogo ikawa haimpi usingizi. Akitoka mlangoni kwenda kisimani anahema utadhani amepanda mnazi. Mkewe, Bi Kazija, akamchukua akampeleka kwa tabibu wa mji, Bi Zawena, mama mmoja asiyejua kuzunguka maneno. Bi Zawena akaminya nyayo zake, akatazama ulimi, akamwambia apunguze wali wa nazi, aache halua na chai ya sukari ya kumwaga, na kila siku atembee mpaka jasho limtoke. Asipofanya hivyo, vidole vya miguu vitaanza kuoza, na baada ya vidole ni macho, na baada ya macho asiulize.

"Dawa nitakupa," Bi Zawena akamwambia. "Lakini dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine huwezi kumtuma mtu."

Vuai akaitika, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu akikuitikia namna ile, ujue hajasikia hata moja.

Nyumbani Bi Kazija akabadilisha jiko zima. Mchicha bila nazi, samaki wa kuchoma, ugali wa mtama kidogo tu. Na ili mumewe asijione mpweke, yeye na binti yao wakala hicho hicho. Binti alikuwa mmoja, Mize, mwembamba, mwepesi wa miguu. Akitumwa maji anarudi kabla hujamaliza kuwasha moto. Watatu hao walikula sinia moja, kama ilivyo nyumba zote za Mvumoni, na Mize alikuwa na mtindo wake: kipande kizuri cha samaki hukisogeza polepole upande wa baba yake, akijifanya anatazama kwingine. Vuai alikiona kila siku, na alikila kila siku.

Bi Kazija akapita nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu kwa upole wasimpe fundi chakula kazini. Wote wakamkubalia. Lakini desturi ina nguvu, jamani. Nani atamwacha fundi aende hivi hivi? Wakaona aibu, wakawa wanamfungia chakula kwenye jani la mgomba na kumtilia ndani ya pakacha lake, chini ya kamba, ili mkewe asione. Walidhani wanamheshimu.

Siku moja, baada ya adhuhuri, Bi Kazija yuko shamba, Mize yuko kisimani, Vuai akajibanza nyuma ya banda lake la kazi. Akafungua jani. Wali wa nazi, bado una vuguvugu. Kaimati zimelowa shira. Akaipa njia mgongo, akaanza.

Akasikia nyayo nyuma yake.

Sasa, ninyi mnajua, kwetu mtu hali mbele ya mpita njia bila kumkaribisha. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba ya suruali. Vuai mdomo umejaa, anaogopa kuonekana, ulimi ukasema wenyewe, "Karibu tule."

Mpita njia mwenye adabu husema "Starehe", akaenda zake. Huyu alikaa chini.

Vuai akageuka. Lilikuwa zimwi, nywele zimefika magotini, jicho moja katikati ya paji, na kisogoni mdomo wa pili uliokuwa ukijilamba. Vuai alitaka kukimbia lakini miguu ilikuwa na ganzi, na tena, niseme kweli, hakutaka kuuacha wali.

"Usiogope," zimwi likasema. "Watu wote hunikimbia. Wewe umenikaribisha kwenye chakula chako cha kujificha."

Vuai akasema yeye hajifichi. Zimwi likalitazama banda, likalitazama jani, halikubishana naye.

"Nami nitakulipa fadhila," likaendelea. "Kula utakacho. Utamu nakuachia, uzito nauondoa. Miguu yako itapona, pumzi yako itarudi. Sema tu umekubali."

Vuai akataka kuuliza. Swali lilimfika kooni: huo uzito utaupeleka wapi? Alitaka kuuliza. Hakuuliza. Akasema amekubali, akachukua kaimati nyingine. Zimwi likainuka, likaondoka likiimba kwa midomo yote miwili:

Kula, Vuai, kula.
Utamu wako,
uzito si wako.

Basi, Vuai akapona. Ganzi ikatoka miguuni, kiu ikakatika, shuka yake ya kiunoni ikawa inamzunguka mara mbili. Bi Kazija alifurahi mno. Akawaambia majirani kwamba mume wake ana moyo wa chuma, kwamba amekula mchicha na mtama bila kunung'unika. Bi Zawena naye akaminya zile nyayo, akasema tangu aanze kazi hajaona mgonjwa msikivu namna hii. Vuai akawa anatazama sakafu. Akitoka hapo, anakwenda nyuma ya banda.

Na kila akila, alisikia wimbo ule ule upepo ukiuleta.

Kula, Vuai, kula.
Utamu wako,
uzito si wako.

Siku moja Mize alirudi kutoka kisimani amechelewa. Akautua mtungi, akashika nguzo ya baraza, akahema. Vuai alikuwa anakaza kamba. Akaona mashavu ya mwanawe yamevimba. Akajiambia msichana anakua, ndivyo wanavyokua. Kuna kitu ndani yake kilichojua kwamba sivyo. Alitaka kuuliza. Hakuuliza.

Siku zikapita, Mize akazidi. Gauni likambana, bangili zikakwama mkononi. Akawa anakunywa maji kata baada ya kata, hayamtoshi. Wasichana kisimani wakampa majina ambayo sitayataja hapa, maana nawajua ninyi, kesho mtayatumia. Bi Kazija akamwita, akamuuliza anakula nini kwa siri. Mtoto akaapa hali kitu. Mama akapekua mvunguni mwa kitanda, akapekua kapu la nguo, hakukuta hata chembe. Akazidi kukasirika, kwa sababu sasa aliona mwanawe ni mlafi na tena ni mwongo.

Vuai alikuwa amesimama mlangoni, halua imemganda kwenye meno.

"Mwambie wewe, baba yake," Bi Kazija akasema. "Wewe umeweza kujizuia. Labda wewe atakusikia."

Hapo ndipo palikuwa pake pa kusema. Neno moja tu. Akameza ile halua, akakohoa kidogo, akasema, "Mwanangu, punguza kula. Mtu hujizuia."

Mize akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nitajizuia."

Tangu siku ile Mize akikaa kwenye sinia hula matonge mawili matatu, akanawa. Kile kipande cha samaki bado alikisogeza upande wa baba yake. Na bado alizidi kuvimba, kwa sababu Vuai hakuacha. Nitawaambia jambo moja la ajabu juu ya aibu. Ilimkaa Vuai tumboni kama njaa, na yeye hakujua njia nyingine ya kutuliza njaa. Akawa anakula ili asijisikie, anajisikia vibaya kwa kuwa amekula, halafu anakula tena. Nyuma ya banda majani ya mgomba yakajaa hata kuku wakachimba hapo.

Sasa alijua. Msinidanganye kwamba hakujua. Alitaka kuuliza. Hakuuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Basi, siku moja Mize alikuwa anapika. Kaa la moto likaruka kutoka kwenye jiko, akalikanyaga. Mtu akikanyaga kaa huruka akapiga kelele. Mize aliendelea kugeuza samaki. Bi Kazija akiwa uani akasikia harufu, akadhani samaki anaungua. Alipoingia akaona moshi unatoka chini ya unyayo wa mwanawe, na mwanawe hana habari.

Kelele alipiga mama.

Vuai akatupa kamba, akatoka mbio hadi nyuma ya banda. Hakuwa na chakula mkononi siku ile. Akaliita zimwi, likaja, likachutama pale pale pa siku zote. Akaliuliza uzito wake linaupeleka wapi.

"Kwa anayekula nawe sinia moja," zimwi likajibu. "Aliye karibu zaidi na mkono wako. Ungeniuliza tangu mwanzo ningekwambia. Mimi nala watu, lakini sisemi uongo."

Vuai akaanguka magotini, akaliomba liuchukue lenyewe. Zimwi likasema kazi yake ni kutoa huku na kupeleka kule, halina mahali pa kuweka kitu.

Akaliomba liupeleke kwa mwingine. Zimwi likafikiri. "Sinia lenu lina watu watatu," likasema. "Yupo mkeo."

Vuai akageuka akatazama upande wa jikoni. Na katika kutazama kule, wanangu, alimpima Bi Kazija kwa akili yake, kama anavyopima mfumbati kabla ya kukaza kamba: mgongo wake una nguvu, amezoea jembe, huenda akastahimili. Alimpima hivyo mke aliyekula mchicha kwa ajili yake. Alipojishtukia anafanya nini, akajichukia, akaufunika uso kwa mikono.

"Nirudishie mimi," akasema.

"Hilo naliweza," zimwi likasema. "Lakini ulivila mafichoni, nami nitakurudishia hadharani. Utataja mbele ya watu kila ulichokula, kimoja kimoja, kwa mdomo ule ule. Utakachokificha, sehemu yake itabaki kwa mtoto."

Mnadhani alikwenda akasema siku ile ile? Hakusema. Alisema kesho. Kesho ikafika, akasema kesho. Kidonda cha Mize kikawa cheusi. Bi Zawena akaja, akakitazama, akasema kidole kidogo hakitapona, na kama mwili haukupungua, baada ya kidole ni mguu, na baada ya mguu ni mtoto mwenyewe.

Bi Kazija hakujua la kufanya zaidi, akaita watu wasome dua. Na dua haisomwi kwa watu wenye njaa. Majirani wakaleta mchele, wakaleta nyama, sufuria za pilau zikatelekwa uani. Watu wakajaa kwenye mikeka. Mize alilazwa ukutani, juu ya kitanda alichowamba baba yake, na kamba zilikuwa zimelegea katikati kwa uzito.

Dua ikaisha, masinia yakaletwa. Bibi mmoja wa jirani akamtazama Mize, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba ni masikitiko makubwa: baba amejinyima vile, halafu Mungu akampa binti asiyejua kusema basi. Wengine wakaguna kumkubalia. Mtu mmoja akachagua mnofu mkubwa, akauweka mbele ya Vuai, akasema ale, maana yeye anastahili.

Mize akageuza uso wake ukutani.

Vuai akasimama.

"Mwanangu hakula kitu," akasema. "Nilikula mimi."

Kwanza walicheka, wakidhani uchungu umemchanganya. Bi Kazija hakucheka. Alikuwa mlangoni na upawa mkononi, akasimama hivyo hivyo.

Vuai akaanza kutaja. Akataja wali wa nazi wa nyumba ya kwanza, na nyumba akaitaja, na ganzi ikamrudi miguuni. Akataja kaimati, na kiu ikamshika koo. Akataja halua, sambusa, bokoboko, mikate ya kumimina, na akataja kila jani na siku yake, na kwa kila neno shuka ikazidi kumbana na pumzi ikazidi kumwisha. Wenye nyumba walizotajwa wakatazama chini, kwa sababu kila mmoja alijua alichofunga. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Pale ukutani, Mize aliuvuta mkono wake na bangili zikateleza.

Ikaonekana amefika mwisho. Hakufika. Kilibaki kitu kimoja, na hicho Vuai alikuwa ameapa atakufa nacho. Akatazama mlango wa uani, akaliona zimwi limeegemea nguzo. Watu wengine hawakuliona. Lilikuwa linangoja.

"Kimebaki kimoja," Vuai akasema. "Mize alipoanza kula matonge mawili na kunawa, kile alichokiacha kwenye sinia nilikizoa. Nikakipeleka nyuma ya banda. Nikakila."

Miguu ikamwacha, akaanguka kwenye mkeka kwa kishindo. Watu hawakumkimbilia. Nyuma yake Mize alivuta pumzi ndefu, akakaa kitako mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu augue. Zimwi likageuka likaenda zake, na tangu siku ile halikuonekana Mvumoni.

Kidole hakikurudi. Bi Zawena alikikata, na Mize akawa anachechemea, naye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wasichana wote wa mji. Wale wa kisimani walikuja kumwomba radhi. Yule bibi wa jirani alileta kuku.

Bi Kazija hakumfukuza mumewe. Alimpikia kama zamani, mchicha, samaki, mtama. Lakini alimpakulia sahani yake peke yake, akamwekea barazani. Sinia lilikuwa la wawili.

Vuai akala sahani yake. Akanywa dawa. Na kila asubuhi akatoka kutembea, mlangoni mpaka kisimani, akihema, akisimama, akiendelea. Zipo siku tamaa ilimshinda, akala kitu njiani. Siku hizo alirudi, akasimama mlangoni, akasema alichokula kabla ya kuulizwa, kisha akatembea tena. Mtu asije akawaambia ilikuwa rahisi.

Siku moja Mize akatoka na fimbo yake, akatembea naye. Wakaenda polepole, huyu anachechemea, huyu anahema. Walipofika katikati ya njia, Mize akasema ana jambo anataka kumuuliza.

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile uliyoniambia nipunguze kula. Ulikuwa na njaa, baba?"

Vuai akasimama. Angeweza kusema hakumbuki.

"Nilikuwa nimeshiba," akasema.

Mize akashika fimbo yake vizuri. Akatazama mbele, akaanza tena kutembea. Vuai alingoja aambiwe amesamehewa, na siku ile hakuambiwa. Akavuta pumzi, akainua mguu wake mzito, akamfuata.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeikata kamba na ncha yake nimeifunga. Ikiwa tamu mgawane, ikiwa chungu niachieni mwenyewe. Na mtakalokwenda nalo kulala ni hili: mwili wako utunze wewe, kwa sababu usipoubeba wewe atalemewa mtu anayekupenda. Na mkimwona mtu mnene, msiseme mnajua alichokula.